Shuka Alilokwenda Nalo Mkunga

Mdogo wangu ni mkunga. Alisoma utafiti kuhusu kuwatunza watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, akatamani wodi anayofanyia kazi ifuate njia iliyoelezwa humo. Alipowaeleza madaktari, alisoma karatasi ameinamisha kichwa mpaka wakasinzia. Wakampa nafasi ya mwisho, Ijumaa.

Alhamisi akaja kufanya mazoezi kwangu, nami napiga pasi. Akamwaga asilimia, majedwali, asilimia tena.

"Dada, umeelewa?"

"Sijaambulia kitu, mdogo wangu. Kwani hao watoto walifanywaje?"

"Waliwekwa kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakapata joto."

"Sasa si ungeanzia hapo! Umenizungusha nusu saa nzima."

Akacheka. Akachukua shuka nililotoka kulipiga pasi, lingali na joto, akaliviringisha kama kitoto, akalikumbatia. Akaeleza upya bila karatasi, kwa tarakimu mbili tu. Machozi yakanitoka, nikamwombea, naye akaondoka na shuka lile.

Ijumaa mchana akapiga simu.

"Dada, hakuna aliyesinzia! Wameniuliza maswali matatu."

"Ukajibu?"

"Mawili. La tatu nimesema sijui, nitakwenda kusoma. Jumatatu tunaanza na mama mmoja."

Nikamshukuru Mungu. Shuka langu sijaliona mpaka leo, na wala silidai.