Marehemu Alikaa Safu ya Tatu

Mimi nilimuua bibi wa watu. Sikutumia panga wala sumu, nilitumia kalamu ya bluu, tena ya kuazima, na kama ningeishia hapo labda leo ningekuwa napita mtaani kwetu Ilomba kichwa juu kama wenzangu, lakini sikuishia hapo, nilisimama ukumbini nikamlilia mbele za watu, na yeye akiwa ameketi safu ya tatu ananisikiliza. Ngoja niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, maana najua mmeshasikia za mitaani (ile ya kwamba nilizimia ni uongo, nilikaa tu chini).

Chama chetu cha historia mnakijua. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa, mtu mmoja anatoa mada, wengine tunakunywa chai na kubishana, na mara mojamoja tunachapa kijitabu cha masimulizi ya wazee. Mwenyekiti ni Mzee Mgovano, Mhehe wa Kalenga aliyekuja Mbeya kikazi akastaafia hukuhuku, mtu ambaye hata ukitoa mada ya viazi vya Umalila ataifikisha Kalenga kabla chai haijapoa. Katibu ni Mama Neema, ndiye anayepanga vijitabu kwenye kompyuta yake, na ndiye aliyetufundisha kozi ya kukusanya masimulizi. Kozi hiyo mimi niliimaliza na cheti nikapewa, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni, wageni wakija nawaacha wakione wenyewe. Na kanuni kubwa ya kozi ilikuwa moja tu: ukishaandika maneno ya mzee, unarudi kwake, unamsomea yote, anarekebisha, halafu anaweka sahihi au dole gumba kwenye fomu. Bila fomu kijitabuni huingii.

Mimi nilipangiwa Bibi Tusekile wa Ubaruku. Ni Mnyakyusa aliyeingia Usangu akiwa binti, enzi za kupura mpunga kwa fimbo, mashine za kukoboa bado hazijajaa kila kona. Nikaenda, akanipokea vizuri, akanipa wali na maziwa ya mgando, akaongea saa mbili nzima nami namrekodi kwa simu. Shida ni kwamba mashine ya jirani ilikuwa inakoboa muda wote huo, kwa hiyo nilipofika nyumbani kusikiliza nikakuta sehemu nyingine ni mngurumo mtupu. Sehemu hizo nilizijaza kwa akili yangu (mimi ni mwalimu wa jiografia, akili ninayo).

Ikabaki kurudi kumsomea. Mvua zilikuwa zimeanza, ukishaiacha lami pale Igawa ni wewe na tope lako, nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, na Mama Neema anaitaka fomu Jumatatu. Nikakaa nayo mezani nikaisoma mpaka chini, na chini kabisa kulikuwa na mstari unaosema kwamba kama msimuliaji amefariki, andika "marehemu", sahihi haitahitajika. Nikafikiri: bibi ni mzee sana, Ubaruku ni mbali, na kijitabu chenyewe wanakisoma watu walewale wa chai. Nikaandika neno moja.

Sikujua kwamba neno moja huzaa. Mama Neema alipoiona fomu akashika kifua, akaniuliza ni lini, nikasema juzijuzi tu. Mzee Mgovano akauliza kama niliwahi msibani, na badala ya kusema hapana, nikasema nilichelewa kidogo nikawakuta wanatoka makaburini, kwa hiyo sasa nikawa na kaburi pia. Wakanipa pole. Mama mmoja akanipikia chapati. Kamati ikakaa ikaamua kijitabu chote kitolewe kwa kumbukumbu ya Bibi Tusekile, na siku ya uzinduzi mtoa mada niwe mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu naye. Mama Neema akachukua ile picha niliyompiga bibi akiwa ameshika ungo wa mchele anacheka, akaizungushia mpaka mweusi, akaweka mishumaa miwili pembeni na siku ya uzinduzi chini yake, akairusha WhatsApp.

Sasa tangazo la WhatsApp halina nauli, linafika popote. Wiki ile Ambwene, mtoto wa bibi, alinipigia mara nne sikupokea, nikidhani ananidai ile picha niliyoahidi kumpelekea mama yake. Kumbe Tukuyu, kwao bibi, watu walishaanza msiba. Dada wa bibi na wanawe walipanda gari hadi Ubaruku na mikungu yao ya ndizi, wakaingia uani wanalia, wakamkuta marehemu anafukuza kuku kwenye mpunga alioanika. Naambiwa walilia zaidi baada ya kumwona.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Mzee Mgovano alituomba tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu, tukasimama wote, na ninaposema wote mnielewe. Halafu nikapanda jukwaani na suti yangu na leso mkononi. Nilikuwa nimepanga kuongea kidogo, lakini nilipomwona mama wa mbele anafuta machozi nikasikia utamu (sitawaficha), nikaongeza. Nikasema mkono wake ulikuwa mwepesi kama kapi la mpunga. Nikasema siku zake za mwisho alinishika huu mkono wangu akaniambia niwaambie vijana wasisahau walikotoka. Bibi wa Ubaruku gani anaongea hivyo? Lakini watu waliguna kwa huzuni, na mimi nikatokwa na machozi ya kweli, nimeguswa na maneno yangu mwenyewe.

Ukafika muda wa maswali. Safu ya tatu kulikuwa na mama mmoja amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi, akanyoosha mkono, Mama Neema akampelekea kipaza sauti.

"Ndaga, mwalimu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mimi nauliza, huyo bibi aliumwa nini?"

"Presha, mama," nikajibu, tena kwa upole, huku nakunja leso.

Akaishusha khanga mabegani. "Presha sina. Nina mguu tu."

Mnisamehe, kuanzia hapo siwezi kuwaeleza nilivyojisikia, naweza tu kuwaeleza nilichokiona. Niliona Mzee Mgovano anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena, anaiangalia picha ya kwenye kijitabu, anamwangalia bibi. Niliona Mama Neema anaandika kitu kwenye daftari la kumbukumbu za kikao, na hadi leo sijathubutu kuuliza alikuwa anaandika nini. Mimi nikakaa chini palepale jukwaani. Ambwene, aliyekuwa pembeni ya mama yake, akasimama akaeleza yote kwa adabu, jinsi walivyonitafuta kwa simu, na jinsi ndugu wa Tukuyu walivyo bado nyumbani wanakula wali wa bibi, maana wamesema hawawezi kutoka kilioni bila kukaa siku zake.

Nilidhani watanitoa nje. Bibi akakataa. Alisema amekuja kusikia aliishije, kwa hiyo nisome. Nikasoma habari zake, ukurasa kwa ukurasa, naye anatikisa kichwa, mara anakubali, mara ananirekebisha jina la mfereji au la ndege anayekula mpunga. Nikafika kwenye mojawapo ya zile sehemu za mngurumo, pale nilipoandika kwamba akiwa binti mdogo alimfuata mume wake Usangu.

"Hapo simama," akasema. Hakupandisha sauti. "Kunizika nimekusamehe, kila mtu atazikwa. Lakini yule mwanaume mimi sikumfuata. Nilimkimbia. Alikuwa ananipiga, nikaondoka na mtoto mgongoni, nikatembea mpaka nikaukuta mpunga, nikalima mwenyewe, nikajenga mwenyewe. Wewe umechukua kalamu umenirudisha kwake."

Mpaka hapo aibu yangu ilikuwa aibu ya mtu aliyekamatwa, ile ya kutafuta mlango kwa macho, lakini pale ndipo niliona nimemfanya nini huyu mama, na nikamwomba msamaha bila kipaza sauti. Akaniambia niendelee kusoma, tusipoteze muda. Tulikaa saa mbili. Watu waliuliza maswali mpaka chai ikaisha, na Mzee Mgovano hakuitaja Kalenga hata mara moja.

Vijitabu vyote vilirudishwa kwenye maboksi. Cheti nilikishusha mwenyewe ukutani kabla mke wangu hajafanya hivyo. Nilikwenda Tukuyu kuomba radhi kwa dada wa bibi, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanihesabia kila mtu aliyemwambia habari ile ili niwapitie mmojammoja. Kozi naianza upya, nimewekwa kiti cha mbele. Na nimeapa: nisichokisikia kwa masikio yangu sikiandiki, na mtu ambaye sijamzika kwa mikono yangu ataendelea kuishi kwenye karatasi zangu, hata kama itabidi afikishe miaka mia mbili.

Juzi nimetoka Ubaruku kumsomea maandishi mapya. Tope lilinifika magotini. Nilimkuta barazani, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kusoma, na katikati nikaona amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta, hatikisiki. Nikaacha kusoma. Nikainama taratibu kumwangalia kifua kama kinapanda, nikiwaza kwamba safari hii nikipiga simu kwa Mama Neema nani ataniamini.

"Soma," akasema bila kufumbua macho. "Umefika pale ninapokimbia."