Bibi Hakumwita

Bibi yangu anafuga kondoo kule kijijini Yakobi, Njombe, na kila asubuhi akifungua zizi huwasalimia kwa Kibena: "Kamwene." Wao humjibu kwa kulia. Nimemtania miaka yote. Bibi, mimi mjukuu wako hujanisalimia, unaanza na hawa? Yeye hunijibu kwamba wao hawaamki na simu mkononi.

Sikukuu ya mavuno mwaka juzi aliamua kumtoa sadaka dume mmoja aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, ambaye Bibi alimlea mwenyewe kwa chupa. Nilimuuliza kama ana hakika. Akaniwakia: "Unataka nimpe Mungu yule kilema?" Nikaenda kutafuta kamba.

Mchungaji alihubiri siku hiyo juu ya Mchungaji Mwema, kwamba kondoo huijua sauti ya anayewachunga, na mgeni hawamfuati. Bibi aliitikia kwa kichwa mpaka kilemba kikalegea. Baada ya ibada sadaka zikanadiwa uwanjani: mahindi, viazi, kuku. Kondoo alinunuliwa na baba mmoja wa Makambako, mcheshi, ambaye binti yake alikuwa na kipaimara wiki ile na wageni walikuwa wanakuja kula. Alikuwa na pikapu.

Shida ikaanza hapo. Kondoo alikita miguu kwenye nyasi. Walimvuta, wakamsukuma, wakamwonyesha majani ya mahindi, wapi! Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, akamgeukia Bibi.

"Bibi, hebu simama kule kwenye gari umwite. Si anaijua sauti yako?"

Bibi hakusogea.

Ukungu ulikuwa umeshuka, nina njaa, na baridi ya Njombe haina adabu. Nikamwambia kwa ukali, "Mwite tu, Bibi, twende nyumbani."

"Kumtoa nimemtoa," akasema taratibu, "wala sijuti. Mbebeni. Lakini mimi nikimwita atakuja, na atakuja kwa sababu ni mimi. Hilo sitamfanyia."

Niliona aibu, na papo hapo nikampenda kuliko siku zote. Mchungaji aliacha kucheka. Akakunja mikono ya kanzu yake, akainama kwenye matope, akasaidiana na wazee wa kanisa kumnyanyua kondoo mpaka ndani ya pikapu. Alipomweka chini alimpapasa kichwa.

Gari lilipoondoka kondoo alilia. Akanyamaza, akalia tena, kama afanyavyo zizini asubuhi. Nikageuka kumtazama Bibi, mtu ambaye sijawahi kumwona akiacha salamu ya yeyote bila kuijibu. Alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge, ameukandamiza kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka gari lilipokata kona.