Upande wa Nyuma wa Shuka

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye tamasha la filamu mjini Morogoro, na mpaka leo kichwa changu hakijatulia. Filamu zenyewe zilikuwa nzuri, moja ilinitoa machozi, nyingine ilinipa usingizi, basi. Kilichonikaa ni mazungumzo ya nje baada ya kutoka ukumbini. Watu wamesimama na chai zao za tangawizi, mmoja anasema yule mama wa kwenye filamu alikuwa na haki, mwingine anasema haki gani, na vijana wa chuo cha Mzumbe wanabishana utadhani wanagombea mpaka wa shamba. Nami nikaingia katikati bila kualikwa, maana mimi nikiona sinema nisiizungumze, silali. Kijana mmoja akaniamkia vizuri, akaniuliza mapenzi haya ya filamu niliyatoa wapi. Nikamwambia ni habari ndefu, anitafute tukae. Hajanitafuta. Basi nisikilize wewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kijiji cha juu ya Mlali, huko ambako ukifungua mlango asubuhi ukungu uko chini yako. Nyumbani tulikuwa bibi, mama mdogo, yaani kitinda mimba wa bibi, na mimi. Tulichota maji mtoni, tulipalilia maharage kwenye mteremko ambao mgeni angeuogopa hata kuusimamia, na jioni tulimenya magimbi. Bibi alipenda yale yaliyoshika kidogo chini ya chungu, na ukithubutu kuyakomba kabla yake, jamani, utatafuta pa kujificha.

Kila mwaka maharage yakishavunwa, gari la sinema lilipanda mlimani na kukaa siku kadhaa. Ndilo lililokuwa tamasha letu. Magari yalikuwa machache huko juu, kwa hiyo tulilisikia likiguna kwenye kona tangu mbali, na mwalimu mwenyewe alijua kwamba hapo hakuna tena hesabu. Jioni, baada ya swala, shuka kubwa jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli, jenereta likaanza kuunguruma, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akawa anatufasiria maneno ya kigeni kwa namna aliyopenda yeye.

Sasa, mila ya pale ilikuwa hivi. Wanaume na wazee walikaa mbele, upande wa gari. Wanawake na wasichana tulikaa nyuma ya shuka, kwa ajili ya stara. Hakuna aliyelalamika. Upande wetu ulikuwa na nyasi laini, na hapakuwa na mzee wa kukukoholea ukicheka sana. Ila sinema ukiitazama kwa nyuma, kila kitu kimegeuka. Watu wote wa sinema walikuwa mashoto. Waliandika kwa kushoto, walipeana mikono kwa kushoto, askari walipiga saluti kwa kushoto. Jirani yetu, mama mmoja aliyejua mambo yote ya dunia bila kuondoka kijijini, alishatueleza kwamba huko wanakotoka ndivyo walivyo, wenzetu wana mila zao. Hata maandishi yalipopita nilishindwa kuyasoma, nami nilikuwa hodari wa kusoma, nikajua tu kwamba ni Kihindi.

Utamu wenyewe ulikuwa kesho yake. Wanawake walikusanyika uani kwa bibi kupukuchua maharage, na hapo sinema ilianza upya. Huyu amependa wimbo, yule hajapenda mwisho, mwingine anataka kujua mtoto aliyeachwa stesheni alikula nini. Nilikuwa nikisikiliza mpaka vidole vinasahau kazi. Wanaume nao walikuwa na kikao chao barazani kwa mwenye duka, na ya kwao yaliishia huko huko. Bibi alipukuchua kimya. Yeye hakuwahi kwenda. Alisema mtu mzima hawezi kukaa kwenye baridi kutazama vivuli.

Mwaka ninaousema, mama mdogo alikuwa amependwa, na yeye amependa. Mwenyewe ni fundi cherehani wa Mlali, kijana mpole, msafi, ila mtu wa shoto. Siku alipokuja kujitambulisha aliletewa ugali, akajitahidi kula kwa kulia kama wote tulivyofunzwa. Tonge likamponyoka, likatumbukia kwenye bakuli, mchuzi ukaruka hadi kwenye kanga ya bibi. Maskini, kwa kuchanganyikiwa akasahau, akaendelea kula kwa mkono wake wa asili. Bibi akanyanyuka, akatoka nje. Mshenga alipokuja alijibiwa kwamba mkono wa kuchambia hautakula nyumbani kwake.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama na mama mdogo, angeweza kusema neno, maana kwetu Waluguru mjomba ana sauti kwenye ndoa. Lakini alisema atafuata atakalosema mama yake. Na kulikuwa na mzee wa Kingolwira, ameshafiwa na mke, ambaye posa yake ilikuwa imeshafika. Bibi alisema atamjibu maharage yakiisha kupukuchuliwa. Mama mdogo akawa analia jikoni na kusingizia moshi. Mimi nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo najua kwamba hata moshi ulipokwisha aliendelea.

Gari la sinema lilipofika, bibi alitushangaza. Alijitanda kanga, akachukua mkeka, akasema naye anakwenda. Vivuli havikuwa hoja, wala usifikiri. Alikwenda kumlinda mama mdogo asije akaonana na fundi gizani. Alimkalisha ubavuni pake, akamshika ncha ya kanga, na hakuiachia.

Sinema yenyewe ilimhusu dereva wa lori aliyeoa kijiji cha mbali. Mama mkwe wake hakumtaka, alimwita mtu wa barabarani. Kisha yule mama akaugua, wanawe wa kuwazaa wako mjini hawaji, na yule dereva akapaki lori lake, akakaa kitandani, akaanza kumlisha uji kijiko kwa kijiko, anapuliza kwanza, ndipo anamtilia mdomoni. Kwa kushoto. Nikamsikia bibi anasema polepole, kama mtu aliye peke yake, "Mtazame. Mkono ule ule."

Haja ndogo ndiyo iliyonitoa hapo. Nilizunguka shuka ili nifike vyooni, nikapita nyuma ya wanaume, nikageuza macho. Yule dereva alikuwa anamlisha mama mkwe kwa mkono wa kulia! Nilisimama pale mdomo wazi. Nikarudi kwetu, kushoto. Nikaenda tena, kulia. Mjomba akanionyesha kidole nikakae. Nilitaka kumwambia bibi mara moja, lakini nilipofika mkekani nilimkuta anafuta macho, jambo ambalo sikuwahi kuliona, nikakaa tu.

Kesho yake mjomba alikuja uani, sisi tuko kwenye maharage, akauliza mzee wa Kingolwira ajibiwe nini. Bibi akasema ajibiwe kwamba binti ana mtu, na fundi aambiwe alete posa. Mikono yote ikasimama. Mjomba akauliza kumetokea nini. Bibi akamweleza kwamba jana ameona kwa macho yake mtu wa shoto akimtunza mkwewe kuliko watoto wa kuzaa.

Mjomba akacheka. Akasema yule dereva alilisha kwa kulia, wanaume wote wameona, waulizwe. Weee! Uani kukawa soko. Wanawake wote walisema kushoto, jirani yetu akataka kuapa. Mama mdogo alikuwa ameinamia ungo wake. Ndipo mjomba akanikumbuka. "Wewe jana ulikuwa huku na huku. Sema ukweli, mkono gani?"

Mama mdogo akanitazama. Nilihisi ndoa nzima imekaa kwenye ulimi wangu. Nikasema nilichokiona, sikuwa na kingine: kwetu kushoto, kwao kulia.

Watu wakaguna. Bibi hakuguna. Alipukuta makapi kwenye kanga yake, akamgeukia mwanawe.

"Alimlisha, hakumlisha?"

"Alimlisha, mama."

"Basi."

Akaendelea kupukuchua. Fundi alioa kabla ya mvua.

Gari la sinema halipandi tena siku hizi. Goli la shule ni la chuma, na kila nyumba ina kioo chake cha televisheni ukutani, wanaume kwa wanawake wanatazama upande mmoja, na ikiisha wanazima. Bibi ametangulia mbele ya haki. Pale uani pameota migomba, na najikuta naitamani hata ile kelele ya watu waliotazama kitu kimoja wakaona viwili, kisha wakalazimika kuulizana.

Fundi na mama mdogo bado wako Mlali, wazee sasa. Niliporudi kutoka kwenye tamasha nilipitia kwao, nikamuuliza mama mdogo swali ambalo nimekaa nalo miaka yote: yeye ile jioni alionaje, aliamini ni kushoto kweli?

Alicheka sana, akaniambia hajui. Sinema ile hakuiona hata kidogo. Tangu yule mama mkwe alipougua, yeye alikuwa anamtazama mama yake usoni.