Mnazi wa Wakfu Juu ya Chumba cha Mama

Mnazi ule uliinama upande wetu tangu nina akili zangu. Uliota uwanjani kwa jirani, hapa Kaole, lakini kichwa chake kilikuwa juu ya chumba cha mama. Nilimwambia jirani mara ngapi? "Shikamoo, kaka. Huu mnazi utatuulia mama." Ataitika marahaba, kisha ataanza: eti marehemu babu yake aliuweka wakfu, nazi zake ni za msikiti, na mali ya wakfu haikatwi. Nazi zenyewe tulikuwa tunaziona zikikunwa jikoni kwake.

Masika ukaanguka. Mama alikuwa amekwenda msibani, alhamdulillahi, maana gogo lilikilalia chumba kizima na kitanda kikawa vipande. Nikamchukua kwangu Zinga. Hakulalamika. Aliniomba jambo moja tu: nimrudishe mapema, ili siku yake ikifika atolewe nyumbani kwake, pale alipotolewa baba.

Basi mimi mwanawe, badala ya kushika msumeno, nikashika kesi. Jirani akasema mwenye mnazi ni msikiti, nikadai huko. Kamati ya msikiti ikasema wao walipewa nazi tu, gogo ni la mwenye kiwanja. Nikamrudia jirani, akacheka, akasema upepo ni wa Mungu. Loo, kicheko kile! Nikaapa kwamba paa lile ataliezeka yeye, kwa mikono yake. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia nisiguse kitu mpaka baraza lije lione. Nami sikugusa. Hata turubai sikutandika, nikihofia kuharibu ushahidi. Baraza likaahirishwa, wajumbe hawakutimia. Likaahirishwa tena, mwenyekiti kasafiri. Mvua inanyea kuta za udongo, mimi nazitazama na kujiona mjanja.

"Paa tayari?" mama ataniuliza kila nikirudi.

"Bado, mama. Naitafuta haki yako."

"Haki yangu ni kulala kwangu, mwanangu."

Nikamwona mtu mzima asiyejua mambo ya siku hizi. Mungu anisamehe.

Alifariki kwangu, Ijumaa asubuhi. Tukampeleka Kaole kama alivyotaka, na hapo ndipo nilipotanabahi kwamba hatuna pa kumwingiza. Kuta zilikuwa zimelala chini na mnazi uko juu yake, ushahidi wangu kamili, haujaguswa. Wanawake wa mtaa waliokuja kumwosha walisimama juani na ndoo zao za maji, wananitazama mimi. Afadhali wangenitukana.

Jirani akafungua mlango wake. Akatoa kitanda chake mwenyewe nje, akafagia chumba, akasema, "Mwingizeni mama."

Mle ndimo alimooshwa, ndimo alimokafiniwa, na akatolewa kwa mlango wa mtu yule, hatua chache kutoka mlango wake mwenyewe. Nilitaka kumkaba. Nilitaka pia ardhi inimeze, maana paa lile ningeliezeka kwa siku mbili. Akanijia, akaniambia, "Pole, ndugu yangu." Nami mbele ya watu wote ikabidi nimpe mkono, nimwambie ahsante.