Stovu Iliyopimwa kwa Maji

Mke wangu alikufa majira ya mvua, na mwaka uliofuata kampuni ikanipa stovu. Siyaunganishi mambo haya mawili ili kumhuzunisha mtu. Ndivyo yalivyofuatana, na kama la kwanza lisingetokea, la pili lingenipita bila kuliona.

Nilikuwa mpimaji wa matangi katika depo ya mafuta hapa Eldoret. Kila asubuhi nilipanda ngazi ya tangi, nikateremsha mkanda wa chuma wenye uzito nchani, nikauvuta, nikatazama mafuta yalipoishia, nikaandika. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kwa kazi hiyo ilitosha. Aliyenifundisha aliniambia neno moja tu: andika mkanda unachosema, si kile ofisi inachotaka kusikia. Nililishika.

Kampuni ilikuwa kubwa, na huko ng'ambo ilikuwa na watu ambao kazi yao yote ni kutafuta vitu vipya na kuvijaribu. Safari hii walikuwa wametengeneza stovu ya mafuta ya taa, ya watu wa kawaida, ili waache kuni na makaa. Chini Mombasa ilikuwa imewaka vizuri. Lakini huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na injinia alitueleza kwamba moto hubadilika tabia mtu akipanda mlima. Ndiyo sababu ikaletwa Eldoret.

Injinia mwenyewe alikuwa kijana kutoka Kenya ya kati, amesoma hadi nje ya nchi, na mpole kuliko nilivyotazamia. Kwa kuwa ndani ya depo hata kiberiti kiliachwa kwa askari langoni, alipewa stoo ya zamani ng'ambo ya barabara. Alikaa humo majuma mengi akichemsha maji. Lita mbili, sufuria ile ile, saa mkononi, kipimajoto ndani ya maji. Moto ukiwa wa manjano, alitoboa tundu jingine kwenye bati. Ukitoa moshi, alibadilisha tambi. Nilimbebea maji nilipokuwa na nafasi, na siku moto uliposimama wa samawati, umetulia kama maua, alinishika mkono kwa furaha. Nami nilifurahi kwa moyo wote. Haikuwa kazi ya mchezo.

Kisha stovu kumi na mbili zikagawiwa nyumba kumi na mbili za mtaa wa Kimumu, nyingi zikiwa za wafanyakazi wenzangu. Kila nyumba ilipewa mtungi wa mafuta na fomu za kujaza kila Jumamosi. Moja ilikuja kwangu. Meneja alisema mbele ya watu, "Huyu hana mke, atajaza mwenyewe bila kuuliza mtu." Wengine walicheka. Sikukasirika, maana ilikuwa kweli.

Fomu iliuliza: stovu inawaka vipi, maji yanachemka kwa muda gani, kuna kasoro gani. Jumamosi ya kwanza niliandika "Nzuri. Hakuna." Ya pili nikaandika hivyo hivyo, na ya tatu. Nataka niseme wazi kwamba kufikia Jumamosi ya pili nilishaona stovu inateleza nikisonga ugali. Miguu yake mitatu ilikuwa myembamba na sufuria ilikaa juu bila kushikwa na kitu. Niliiona kasoro na sikuiandika. Kitu kilikuwa kimeletwa na wakubwa, bure, na miaka ile tulikuwa tumezoea kwamba kitu kikitoka juu, hupigiwa makofi. Hata barazani kwa chifu, mtu aliyeuliza swali alitazamwa kama mgonjwa.

Tena nilidhani kosa ni langu. Mke wangu alisonga ugali miaka kumi na mitatu na sikumwona akihangaika. Ugali wetu, sisi tuliotoka upande wa ziwa, ni wa mtama na muhogo, mzito, unaotaka bega. Nilijiambia kwamba mwanamume hajui, ndiyo maana.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nasonga. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameketi kwenye kigoda akinitazama, kwa sababu tulikubaliana kwamba muhula ujao yeye ndiye atakayepika jioni nikiwa zamu. Aliinuka kwenda nje kuosha sahani. Nikakaza mwiko, mguu mmoja wa stovu ukaruka, ikalala ubavu. Mafuta yakamwagika yakiwaka mpaka kwenye kigoda. Depo ilikuwa imetufundisha kwamba moto wa mafuta haumwagiwi maji. Nilichovya gunia la viazi kwenye karai la maji, nikaulalia moto nalo. Ulizimika. Mkono wangu wa kushoto ulitoka malengelenge, na kigoda kilikuwa cheusi upande mmoja.

Mtoto alirudi na sahani zake akauliza, "Baba, ugali umeungua?"

Nikasema ndiyo.

Alasiri nilikwenda kwa jirani wa mlango wa pili, mama aliyekuwa rafiki ya marehemu, ambaye pia alikuwa na stovu ya kampuni. Aliutazama mkono wangu.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nilikuwa nasonga ugali, stovu ikaanguka."

"Kwani ulisongea juu yake?" Akashika kiuno. "Uuwi! Nani alikwambia usongee juu ya hiyo kitu? Hiyo ni ya kuchemsha maji na chai."

"Na ugali?"

"Ugali unateremsha chini, unashika sufuria na miguu na kitambaa, unasonga. Ama unarudisha kwa jiko ya makaa. Sisi wote tunafanya hivyo. Hata marehemu alikuwa anashika na miguu kama jiko ni mbovu. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi. Nilikuwa nikiketi nikingoja chakula. Hilo lilinichoma kuliko mkono.

"Mama, mbona hamkuandika kwa fomu?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza mbona hamkumtemea mgeni mate. "Mtu anakuletea zawadi mpaka mlangoni, anakunywa chai yako, halafu umwambie zawadi yako ni mbaya? Mimi mama yangu hakunilea hivyo. Tena yeye aliuliza maji inachemka vipi. Inachemka vizuri. Nilidanganya wapi?"

Hakudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya.

Injinia alikuwa anaondoka Ijumaa kwenda Nairobi na fomu zote. Baada ya hapo stovu ingetengenezwa kwa wingi vile vile ilivyo na kupelekwa madukani. Nilifikiria nyumba ambamo hakuna mama wa kumwambia msichana ateremshe sufuria chini. Yangu ilikuwa mojawapo. Nikaamua haitatoka hivyo, hata kama mimi ndiye nitakayetoka depo.

Jumatatu nilianza kwa meneja, kwa kuwa ndiyo njia. Alikuwa ameketi chini ya picha ya Rais, fomu ziko mezani.

"Nyumba kumi na moja zinasema nzuri," alisema. "Wewe peke yako unasema mbaya. Sasa nani ana makosa?" Akachomoa karatasi tatu. "Na huu si mwandiko wako? Nzuri, nzuri, nzuri."

"Ni wangu, Mkubwa. Niliandika uongo."

"Uongo!" Alitazama mlango kuona kama umefungwa. "Mzee, siku ya uzinduzi imepangwa. DC anakuja. Kwaya ya shule inafanya mazoezi. Unataka nimwambie DC kwamba mpimaji wangu hajui kupika?"

"Mwambie ukweli, kwamba inaanguka."

"Enda kazini kwako. Na hiyo mkono ifungwe vizuri."

Nilikwenda kazini. Saa ya chakula nilivuka barabara mpaka stoo. Injinia alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua stovu, akaiweka sakafuni, akaitikisa kwa vidole viwili.

"Sakafu yako ni sawa, Mzee? Pengine imeinama."

"Sakafu ni ya simiti. Kwenu mnapika nini?"

"Githeri. Mukimo."

"Githeri ni mahindi na maharagwe, inakaa kwa sufuria yenyewe ikichemka, hakuna mtu anayepigana nayo. Umewahi kusonga ugali wa mtama?"

Akacheka. "Sijawahi kusonga hata wa mahindi. Nilikuwa na dada."

"Basi njoo kesho saa kumi. Hakutakuwa na moto."

Alikuja, na akaja na daftari. Nilikuwa nimetia maji ndani ya tangi la stovu badala ya mafuta. Uji wa ugali niliuchemsha kwenye makaa, nikauhamishia juu ya stovu isiyowashwa, nikamwagia unga, nikampa mwiko. Alianza kukoroga kama mtu anayetia sukari kwenye chai. Jirani yangu, aliyekuja kuangalia, akashindwa kuvumilia.

"Injinia, hiyo ni uji ya mgonjwa! Kaza! Pindua, gandamiza!"

Akavua koti. Akakaza. Mara ya nne au ya tano mguu ukaruka, stovu ikalala, na maji yakatoka kwenye tangi yakaenda mpaka viatu vyake. Alisimama na mwiko mkononi, akiyatazama.

"Haya yangekuwa mafuta," alisema.

"Yakiwaka," nikasema. Nikafungua kitambaa nikamwonyesha mkono.

Hakuniuliza tena juu ya sakafu. Alimgeukia jirani. "Mama, wewe unasongaje?"

"Stovu yako ni nzuri tu, kijana yangu," alianza.

"Sijauliza kama ni nzuri. Tafadhali nionyeshe."

Aliniangalia mimi, nami nikamwinamishia kichwa kumwomba. Akaketi chini, akanyoosha miguu, akaweka kitambaa, akaibana sufuria kwa nyayo, akasonga. Injinia alichora miguu yake kwenye daftari. Siku mbili zilizofuata alizunguka nyumba kumi zilizobaki, bila fomu, akiomba kila mama apike kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyesongea juu ya stovu. Katika nyumba moja ilikuwa imewekwa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ili isichafuke.

Hakuondoka Ijumaa. Uzinduzi uliahirishwa. Meneja hakunisalimu kwa miezi kadhaa, na nilinyimwa zamu ya mchana ambayo nilikuwa nimeiomba kwa ajili ya watoto. Injinia aliniletea fomu mpya na kunitaka nijaze upya zile tatu. Nilijaza, na juu ya kila moja niliandika kwamba ya kwanza haikuwa kweli. Alisema si lazima. Nilimwambia kwangu ni lazima.

Stovu ya pili ilikuja baada ya Krismasi. Ilikuwa nzito zaidi, chini ina duara pana la chuma mahali pa miguu, na juu ina kucha tatu za kubana sufuria. Haikuwa kamili, tambi zake zilikuwa ngumu kupandisha. Niliandika hivyo.

Muhula ulipofunguliwa binti yangu alianza kupika. Juma la kwanza nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwe nyumbani. Alitia unga, akakaza mwiko kwa mikono miwili, bega likipanda na kushuka. Stovu haikusogea. Mimi nilisimama mlangoni na karai la mchanga.

"Baba, enda uketi," alisema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Nilihama kutoka kwenye mwanga, lakini sikuketi mpaka alipopakua.