Hapakuwa na Makubadhi Mlangoni

Kisa hiki sikiuzi. Ningekuwa nakiuza ningekipamba, ningekifukiza udi, halafu ningekwambia nimekupunguzia kwa sababu ni wewe. Nakupa kilivyo. Ukitaka kukikataa kikatae, lakini mie nilikuwepo, na nina tabia moja ambayo shangazi yangu amenilea nayo katika duka lake la kanga pale Darajani: kila kitu nakihesabu, halafu nakihesabu tena. Hata watu.

Chuo chetu sitakitaja. Darasa lenyewe lilikuwa ghorofani, katika nyumba ya zamani huko ndani ya Mji Mkongwe ambamo hapo nyuma watoto walisomeshwa Kurani. Mikeka imebaki, na ada imebaki: viatu unaviacha mlangoni. Mtu wa mjini hana haja ya kuuliza ndani wamo wangapi. Anatazama viatu, anajua wangapi na nani kaja. Profesa wetu makubadhi yake yalikuwa na ukanda mmoja ulioshonwa kwa uzi wa kijani. Ukiyaona pale, unajua leo utaulizwa.

Alitusomesha falsafa ya Wayunani wa kale. Tulimwita Bwana Kwa Nini, kwa siri. Hakuwa akisoma karatasi wala kuandika ubaoni. Anakuita jina, unaitika naam, anakuuliza. Ukijibu, anakwambia, "Kwa nini?" Ukijibu na hilo, kwa nini tena, mpaka unabaki huna kitu. Mie nimebishana bei na Wataliani, nimebishana na mama wa bibi harusi, lakini yule mzee sikumuweza. Siku moja aliniuliza biashara ya haki ni ipi. Nikamwambia ni ile muuzaji karidhika na mnunuzi karidhika. Akatabasamu. "Na kama mnunuzi karidhika kwa sababu hajui?" Tangu siku hiyo kuna wateja nawauzia huku roho inanisuta, na shangazi anauliza kile chuo kinanisaidia nini.

Basi nilikuwa na mwenzangu, Ame, kijana wa Kitumbatu anayekaa na mama yake Bububu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa darasa, ufunguo alikuwa nao yeye. Profesa alimwambia, "Nikikuita Ame, anayeitika ni nani? Ni huu mwili, au ni roho?" Profesa akasema asifanye haraka, jibu atalileta siku ya mtihani wa mdomo, na bila ya jibu hapasi. Somo hilo Ame alikuwa kashalifeli mara moja. Akilifeli tena mkopo unakatwa, na anarudi Kendwa kubeba masanduku ya wageni hotelini, alikotoka. Akawa hali vizuri, halali vizuri. Nikamwambia mjibu ni roho, ndiyo ghali. Hakucheka.

Na huyo Ame alikuwa na jambo moja la kwao ambalo nilikuwa nikimtania nalo. Jua likishaelekea kuzama, ukimwita na hakuoni, haitiki mpaka wito wa tatu. Kwao wanasema hao wengine, unawajua, hawaiti mara tatu. Mie mama yangu alinifunza kinyume: mkubwa akiita, naam itoke kabla hajafunga mdomo, la sivyo unafinywa. Sisi tulifunzwa adabu, wao walifunzwa tahadhari. Sasa nambie, nani alifunzwa vizuri? Ngoja kwanza.

Profesa akaugua. Akavuka kwenda bara kupasuliwa, mtihani ukaahirishwa, na Ame akazidi kukonda, maana hukumu iliyosogezwa mbele ni hukumu mara mbili. Siku ya kisa chenyewe, baada ya alasiri, jua likishaanza kushuka, mawingu yalitanda ghafla. Ame alikuwa ameacha madirisha ya darasa wazi ili mikeka ipate hewa. Tukapanda kuyafunga kabla mvua haijaingia.

Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Kwa mazoea nikatazama chini. Hapana kiatu. Tukavua vyetu: jozi mbili. Nikahesabu tena: jozi mbili.

Ndipo nikaitwa, kutoka ndani, jina langu kamili, kwa sauti ya Profesa.

Naam ilikuwa ishafika kwenye meno. Ame akanikamata mkono. Sauti ikaniita mara ya pili, vilevile, bila ya kupanda wala kushuka. Nikamnong'oneza, "Karudi lini?" Akatikisa kichwa. Nikamuonesha kizingiti kwa kidole. "Makubadhi yake hayapo." Akatazama. Tukangoja wito wa tatu.

Haukuja. Badala yake sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayekutakia kheri, "Ame."

Na Ame, yule yule aliyenizuia mie, aliitika wito wa kwanza. "Naam, Mwalimu." Akaniachia mkono akaingia.

Utasema kwa nini. Mie nshajiuliza sana, na jibu ni jepesi: alikuwa na hofu ya hao wengine, lakini hofu ya lile swali ilikuwa kubwa zaidi.

Kupitia upenyo wa mlango nilimuona yeye tu, kaketi mkekani mahali pake, mikono magotini. Kiti cha Profesa kilifichwa na ubao wa mlango. Nikasikia swali lile lile. Ame akajibu, kwa sauti ya chini ambayo sikuweza kuipata. "Kwa nini?" Akajibu. "Kwa nini?" Kila jibu likawa fupi kuliko lililopita, na uso wake ukawa unapungua vitu, kama duka linalohamishwa, rafu moja baada ya nyingine.

Nikafanya jambo pekee ninalolijua. Nikabembeleza bei. Nikasema pale pale kizingitini, "Profesa, muache mwenzangu. Niulize mie."

Mvua ikaanza kupiga mabati ya jirani. Kisha ile sauti ikanijibu, bila ya hasira, kama mwenye duka anayekwambia mzigo ushachukuliwa.

"Wewe nilikuita. Hukuitika."

Nikausukuma mlango. Kiti kitupu. Na madirisha, yale tuliyokuja kuyafunga, yote yalikuwa yamefungwa kwa komeo za ndani. Nikamwita Ame kwa nguvu. Akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mtu anayemwita mtu mwengine. Nikamshika mkono, akanyanyuka, tukashuka ngazi. Njiani nikamuuliza alimjibu nini.

"Nimefaulu," akasema.

Profesa hakufa, usije ukafikiri ndiko ninakoelekea. Alirudi, kakonda, anatembea kwa bakora. Nikamzunguka kwa maswali kama mteja asiyetaka ajulikane kanga anayoitaka ni ipi. Akasema alasiri ile alikuwa yuko chini ya kisu, kalazwa usingizi wa dawa. Kitu anachokikumbuka ni ndoto tu: yumo darasani, anaita majina, na kaitika mmoja. Nikamuuliza nani. Akasema sura hakuiona.

Kesho yake akaita majina darasani. Alipofika kwa Ame, Ame alikuwa mbele yake, anamtazama, na hakuitika. Akamwita tena. Akamwita mara ya tatu. Tangu hapo Profesa haiti mtu kwa jina, ananyoosha kidole. Mtihani Ame alipasi. Lile swali hakuulizwa.

Huwa nakwenda Bububu kumtazama. Yuko mzima: anakula, anafanya kazi, ukimsemesha usoni anakujibu. Ila jina lake haliitikii. Mashehe wameshamsomea, wapi. Mara ya mwisho nilimkuta mama yake, Bi Mize, uani anapepeta mchele, na mwanawe kakaa pembeni. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda. Jua likawa linazama, adhana bado, hapana aliyesema neno. Ame akanyanyua kichwa.

"Naam," akasema, kwa adabu. Kisha akainamisha kichwa, anasikiliza.

Bi Mize hakuacha kupepeta. "Siku hizi huyo anamwita zaidi kuliko mie," akasema.

Kwa hiyo nakuusia. Ukiitwa wakati ule na sauti unayoipenda au unayoiogopa, kabla ya kuitika tazama viatu mlangoni. Halafu tazama tena. Mie dukani mteja akiniita kutoka nje siitiki mpaka nimuone uso, na wengine wamenuna wamehamia duka la pili. Waende. Mie nimeitwa mara mbili, na wa tatu bado haujaja, na sijui ukija utakuwa wa nani. Kama unanifahamu na ukanikuta njiani magharibi imeingia, nakuomba, usiniite. Nifuate, uniguse bega.