Fahali wa Pikipiki

Sikutaka pikipiki mimi. Nilitaka ugomvi, na pikipiki ndiyo iliyokuwa karibu.

Baba yangu alikuwa amelala kitandani tangu tumzike Mama. Si kwamba aliugua. Daktari wa Machakos mjini alimpima kila kinachopimika, kisha akaniita kando akaniambia mzee hana ugonjwa wowote, lakini asipoamka, kitanda chenyewe kitamuua. Miguu itaisha nguvu, mapafu yatajaa maji, na tutarudi kuchimba pale pale kando ya Mama. Nilipomuuliza Baba mwenyewe ana nini, aligeukia ukuta akasema, "Mimi nimemaliza." Alisema hivyo kama mtu aliyemaliza chai. Pasta akaja na akina mama wa kanisa, wakaimba, wakaomba, wakala jogoo wetu, wakaenda zao. Baba hata hakugeuka. Aliyeguswa na maombi yale ni jogoo peke yake.

Lazima mjue ni mtu wa namna gani ninayemzungumzia. Kazi ya Baba ilikuwa kupandisha ng'ombe, bila fahali, kwa mrija na mkono wake mwenyewe. Alifunga tai, akavaa gambuti, akakaza nyuma ya pikipiki mtungi wa baridi kali uliojaa mbegu za mafahali wa kizungu, kisha akateremka mlima wetu wote mpaka barabara ya Kangundo. Mbele yake watu walimwita daktari. Akishapita walimwita Fahali wa Pikipiki. Shuleni nilichekwa mpaka nikazoea kwamba kila ndama mwenye mabaka akipita njiani, kuna mtoto ataniambia, "Hebu msalimie ndugu yako." Na kwa vile alikuwa pia mzee wa kanisa, mkono uleule ulioshinda ndani ya ng'ombe za watu wiki nzima ndio uliopitisha mkate wa Bwana Jumapili. Hakuna aliyeukataa. Tuliomba tu awe amenawa.

Enzi hizo hapakuwa na simu, kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Aliye na ng'ombe anayetaka fahali alifunga tawi bichi kwenye nguzo ya lango lake, na Baba akiliona anasimama. Wengine hawakuhangaika na tawi, walingoja mlio. Ile pikipiki ni ya aina ya zamani inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Inatoa moshi wa buluu na kelele ya mtu anayepiga sufuria tupu kwa mwiko. Boda boda za siku hizi zinanguruma tu. Ile ilikuwa inagomba. Ukiisikia ng'ambo, ulikuwa na wakati wa kumfungua ng'ombe wako na kumtoa mpaka barabarani. Na jioni ikianza kupanda mlima, Mama alikuwa anateleka maji ya kuoga bila kuangalia saa.

Asubuhi nayo ilikuwa na mambo yake. Baba alisimama mlangoni na soksi, akaita, "Mama, buti!" Mama akaja nazo kutoka nyuma ya nyumba akizikung'uta na kumsema, kwa sababu mume wake alikuwa anaogopa nge. Mtu anayeingiza mkono mahali pale pote, hadi kwapani, aliogopa kuingiza mguu kwenye buti. Mama hakuchoka kumcheka, na Baba hakuacha kuita.

Basi. Mimi ni fundi wa vyerehani kiwandani huko EPZ Athi River, na nyumbani nilikuwa naweza kuja Jumamosi tu. Siku nyingine Baba aliletewa chakula na jirani, rafiki wa Mama wa tangu ujana, mama mzee ambaye mlima mzima tunamwita Susu, yaani nyanya. Kila nikifika Susu ananiambia, "Amekula nusu." Wiki inayofuata, "Amekula robo." Haki ya Mungu, niliogopa. Nilikuwa nakaa kwenye mashine za watu huko Athi River nawaza simu ikiita itakuwa ni Susu ananiambia Baba ameacha kula kabisa.

Ndipo nikakumbuka jambo moja kuhusu Baba. Anaweza kuvumilia njaa, serikali na mahubiri marefu, lakini hawezi kuvumilia mtu anayeshika koleo mahali pa spana. Nikiwa mdogo aliwahi kusimamisha harusi ya watu, kweli kabisa, kwenda kumnyang'anya dereva jeki aliyoiweka vibaya chini ya gari la bibi harusi. Nikasema sawa. Nitaitengeneza pikipiki yake, nitaitengenezea chini ya dirisha lake, na nitaitengeneza vibaya.

Ilikuwa ghalani nyuma ya magunia, tangu vijana wa mjini wenye simu wamnyang'anye Baba kazi. Wueh! Panya walikuwa wamekula sponji yote ya kiti, na kwenye shimo walilobakisha kuku alikuwa ametaga. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya ekzosi. Tangi lilikuwa na kutu mpaka likitikiswa linalia kama kayamba. Niliivuta mpaka dirishani huku kuku akinifuata na matusi yake, nikachukua nyundo, nikaanza kupiga nati ya kwanza kwa roho yangu yote.

Pazia halikutikisika. Nikaongeza wimbo. Mimi sijui kuimba, hata kwaya ya watoto walinitoa.

"Hiyo ni nyundo?" dirisha likauliza.

"Ni nyundo, Baba."

Pazia halikufunguka. Lakini nilikuwa nimeshasikia sauti yake, ile sauti yake halisi, na nilifurahi hivi kwamba pigo lililofuata likatua kwenye kidole changu gumba.

Ndivyo tulivyoendelea, Jumamosi baada ya Jumamosi. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda, haipandi wala haishuki. Dawa yake naijua, lakini nilitangaza kwa sauti kwamba nitamimina maji moto ya sabuni kwenye tundu la plagi. "Dizeli!" dirisha likapiga kelele. "Dizeli, na uiache ilale humo! Mungu wangu, huyu mtoto alisomea wapi?" Nikatia dizeli, nikaiacha wiki nzima, na niliporudi pistoni ikateleza. Tangi nililisafisha kwa kokoto na siki, natikisa, namwaga, natikisa tena. Tairi na kebo za klachi nilizipata sokoni Tala, kwa mzee anayeuza vyuma katikati ya wauza mitumba. Aliponiambia nieleze ni pikipiki gani, nikamwigizia mlio wake kwa mdomo. Akacheka, akaniuliza kama Fahali bado yuko hai. Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia tunajaribu.

Nilimpelekea Baba habari hiyo nikidhani itamgusa. Alikuwa ameangalia ukuta. Shingo yake ilikuwa imekonda, kola ya pajama imekaa mbali na ngozi. Akasema, "Mwambie bado kidogo." Nikatoka nje nikapaka tangi rangi ya zambarau, ile iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa, kwa makusudi, kwa uchokozi mtupu. Nikamwambia dirishani rangi yenyewe. Hakujibu. Zambarau, jamani! Mtu ambaye aliwahi kurudisha shati dukani kwa sababu kifungo kilikuwa na rangi kidogo.

Jumamosi iliyofuata pikipiki ikakataa kutoa moto. Nilipiga kiki mpaka goti likavimba. Nilikuwa nimefungua vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche, nimevisugua kwa msasa, nimevirudisha, nikivibana zaidi, wapi, nikivilegeza, wapi. Safari hii sikuwa naigiza ujinga. Nilikuwa nimeshindwa. Hapo hasira ikanipanda, si ya pikipiki. Nikasimama na bisibisi mkononi nikalipigia kelele lile pazia.

"Wewe unadhani umefiwa peke yako? Alikuwa mama yangu pia! Mimi ninaamka! Ninaamka saa kumi na moja ninapanda basi ninaenda kutengeneza mashine za watu, na sitaki, na ninaamka! Unataka nikuzike na wewe halafu nibaki na kuku?"

Kuku akanyamaza. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia vizuri, kamasi na yote, mikono imejaa grisi.

Kisha dirisha likasema, polepole, kama mtu anayesoma bila miwani, "Nafasi ya hapo ni unene wa ukucha. Ukucha wa kidole gumba. Wako, si wangu. Wangu ni mnene."

Nikaweka ukucha wangu katikati, nikakaza. Nikapiga kiki.

Ilikohoa. Ikatema kipande cha nyumba ya nyigu. Kisha ikaanza kugomba, kelele ileile ya sufuria, na moshi wa buluu ukajaa uani mpaka sikuona ghala. Nilipiga mayowe. Niliangalia mlango nikijua sasa atatoka. Nikaongeza resi. Nikangoja. Mlango haukufunguka, na pazia lilikaa vilevile.

Sasa nifanye nini? Nilikuwa na pikipiki inayotembea na baba asiyetembea. Nikaona nikibaki pale nitasema maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Nikaipanda, nikateremka nayo mlima, bila kofia, breki moja inashika na nyingine inafikiria.

Sikuwa nimefika mbali nilipoona mzee mmoja ametoka langoni kwake na ng'ombe kwa kamba, anakimbia. Nikampungia mkono nikampita, maana kusimama nilikuwa siwezi. Mbele kidogo mama mwingine yuko barabarani na mtamba anayetaka kumwangusha mtaroni, anapiga kelele, "Daktari! Daktari!" Nilipogeuza kule chini na kuanza kurudi, aiya, kwenye nguzo za malango kulikuwa na matawi mabichi, yametoka kukatwa, bado yanadondosha maji. Nilicheka mpaka karibu niingie kwenye ua wa mtu. Miaka yote hiyo watu wananunua mbegu kwa simu kutoka kwa vijana wa mjini, lakini masikio yao hayakuwa yameambiwa.

Nilipoingia kwetu, Susu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amepitia njia ya mkato ya shambani, leso imefungwa kiunoni, anavutwa na ng'ombe wake mweupe ambaye alikuwa analia mlima mzima usikie.

"Ameamka!" Susu akaniambia, anahema, machozi yanamtoka. "Nilikuwa nachuma kunde, nikaisikia, nikasema ameamka! Yuko wapi?"

Nilizima injini. Nilitaka ardhi inimeze. "Susu," nikamwambia, "ni mimi. Nilikuwa najaribu tu."

Akaniangalia, akaangalia lile tangi la zambarau, uso wake ukaanguka. Ng'ombe ndiye aliyesema. Aliinua kichwa akalia tena, ile sauti ndefu ya ng'ombe ambaye hana habari na misiba ya watu.

Ndani kitanda kikalia kwi.

Tukasikia kitu kinaburuzwa. Kiti, labda. Kisha mlango ukafunguka, na Baba yuko pale, pajama, soksi, mkono mmoja umeshika fremu, miguu inamtetemeka. Alikuwa anamtazama ng'ombe. Na bila kutuangalia, akaita kama alivyoita maisha yake yote:

"Mama, buti!"

Nilimwona anasikia alichokisema. Macho yakamjaa machozi, mdomo ukatafuta mahali pa kukaa. Nikaanza kwenda kumletea, Susu akanishika mkono kwa nguvu akanizuia. Baba akashikilia ukuta, akauzunguka hatua kwa hatua mpaka nyuma ya nyumba, pale Mama alipoziacha. Tukamsikia anazikung'uta. Alizikung'uta muda mrefu sana.

Aliporudi alikuwa amezivaa. Akaenda kwa ng'ombe, akainua mkia, akaangalia, akaguna.

"Alianza kulia lini?"

"Asubuhi," Susu akasema, anajifuta pua na leso.

"Basi anapandishwa jioni ya leo. Mbegu ziko mjini, na mtungi watatuazima." Akanigeukia. "Washa."

"Baba, si ulisema umemaliza?"

"Mimi nimemaliza. Ng'ombe ndiyo kwanza anaanza." Kisha akaliona tangi. Aliliangalia kwa muda, mishipa ya shingo ikamsimama, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila mshipa. "Na huu upuuzi ni wa nani?"

Susu akamletea koti na tai. Tai alijifunga mwenyewe, juu ya pajama, bila kioo. Tukampandisha nyuma, akanishika kiunoni, mwepesi kama mtoto wa darasa la tatu, na hatujatoka langoni ameanza: klachi usiivute hivyo, wewe unakamua ng'ombe? Gia ya pili. Ya pili, nimesema. Nani alikufundisha?

Kaburi la Mama liko pale njia inapopinda, chini ya mparachichi. Tulipolikaribia akanyamaza. Akanigonga bega.

"Piga resi," akasema. "Ajue nimetoka."

Nikapiga resi mpaka moshi ukatufunika sote watatu.